Bibi wa Kwenye Boksi

Mtaa wa Kedvale Kusini,
La Villita, Chicago.
8 Februari 2019

Mpendwa shemeji Domitila,

Nakusalimu kwanza, kwa sababu ndivyo tulivyolelewa wote wawili huko kwetu Acámbaro, na mtu haanzi ugomvi kabla hajauliza hali. Basi, hujambo? Goti la kushoto linaendeleaje? Nimesikia kwa Nereida kwamba umeacha kupanda ngazi za kanisani na sasa unaingilia mlango wa pembeni pamoja na wanaoleta maua. Vizuri, Mungu haangalii mtu ameingilia wapi. Na Fidencio, bado anakohoa asubuhi? Mwambie aache kulala dirisha wazi. Kuku wako nao natumaini wanataga.

Mimi mzima. Mgongo unauma, lakini mgongo wangu unauma tangu enzi za kiwandani, kwa hiyo hiyo si habari. Baridi ya mwisho wa Januari nadhani mliiona kwenye televisheni. Ilikuwa baridi ya kukausha pumzi puani. Shule zilifungwa, hata mleta barua hakupita siku mbili. Sasa imelegea na watu wameanza kutoka nje.

Haya, salamu zimekwisha. Nina hasira na wewe, Domitila. Nereida aliniambia nikupigie simu, nimekataa. Kwenye simu mimi hupiga kelele na wewe hukata. Barua huwezi kuikata. Utaisoma mpaka mwisho, maana nakujua, wewe huwezi kuona karatasi imeandikwa ukaiacha, hata ile waliyofungia jibini.

Mlinificha jambo la mke wangu Herminia. Wewe, yeye, na binti yangu Nereida, miaka saba mizima. Nimelijua Jumamosi iliyopita, siku ya Mishumaa, mbele ya watu, nikiwa nimesimama na uma mkononi. Nitakueleza lilivyotokea kuanzia mwanzo, ili usije ukajifanya huelewi ninasema nini.

Tangu Herminia afariki Aprili iliyopita, nimekuwa mtu wa friza. Nereida huja kila Jumapili na mifuko ya duka, anapanga maboksi ndani ya friza, halafu ananionyesha kwa kidole: hili la Jumatatu, hili la Jumanne. Utadhani mimi mtoto wa chekechea. Maboksi yote yameandikwa kwamba ni chakula cha kwetu. Chakula cha kwetu! Nimekula enchilada zilizonichoma ulimi pembeni na katikati zina barafu. Nimekula maharage yaliyopondwa mpaka hujui kama yaliwahi kuwa maharage. Kuna kitu kinaitwa burito ya asubuhi, mayai yake yana rangi ya sponji na ladha ya sponji. Pilipili yao imetengenezwa na mtu anayeogopa pilipili. Na nyuma ya kila boksi kuna maagizo: toboa plastiki kwa uma, dakika nne, geuza, dakika mbili, kisha acha chakula kipumzike. Kipumzike kutoka kazi gani? Mimi nimesimama mbele ya tanuri la kuyeyushia chuma miaka thelathini na moja na hakuna mtu aliyeniambia nipumzike dakika mbili.

Nilikula kwa hasira, lakini nilikula. Sikutaka Nereida akute mabaki akaanza kunihurumia.

Sasa, siku ya Mamajusi, mwanzoni mwa Januari, tulikusanyika kwangu kama kawaida: Nereida, mwanangu Efraín na mkewe Maribel, na mzee mwenzangu Chon, aliyemsimamia Efraín ubatizo. Efraín alileta ule mkate wa duara kutoka kwa mwoka mikate wa pale kona. Unajua kwamba mimi katika maisha yangu sijawahi kukipata kitoto cha plastiki kinachofichwa ndani ya mkate. Miaka yote nimekata kipande changu kwa ujanja, nakichungulia kwanza pembeni. Mwaka huu nilipouma tu, kikagonga jino. Nikakisukuma shavuni, nikaendelea kunywa chokoleti yangu na uso wa mtu asiye na hatia. Chon akaniona.

"Tello, hebu fungua mdomo."

"Jino linaniuma."

"Jino lina miguu? Nimeliona na miguu! Tema hicho kitoto, bwana wee, usije ukakimeza tukashinda hospitali!"

Wakacheka mpaka Maribel akamwaga chokoleti kwenye kitambaa cha meza. Nikakitema. Halafu kicheko kikakatika, kwa sababu kila mtu pale mezani alifikiria kitu kimoja. Aliyepata kitoto ndiye anayewalisha wenzake tamale siku ya Mishumaa. Lakini katika nyumba hii haikuwahi kujalisha nani amekipata. Akikipata Chon, alipika Herminia. Akikipata Maribel, alipika Herminia. Alikuwa anasema ni afadhali apike yeye kuliko kula dhambi za watu wengine.

Nereida akasema kwa ile sauti yake ya hospitali, ya kubembeleza wagonjwa, "Baba, usijisumbue. Tutaagiza kwa yule mama anayeuza nje ya kanisa."

"Kwani mimi ndiye niliyekufa?"

"Baba, jamani."

"Si nakuuliza? Jiko lipo, sufuria ipo, na mimi nipo."

Efraín akasema, "Baba, wewe hata chai unaunguza."

Nikapiga meza. Nikawaambia siku ya Mishumaa watakula tamale zilizopikwa katika jiko la mama yao, watalamba vidole, na Efraín atalamba vya kwake viwili viwili. Basi neno likawa limetoka mdomoni na halikuweza kurudi.

Nilijaribu, Domitila. Naapa kwa kaburi lake, nilijaribu. Kabla baridi haijafunga mji nilikwenda kwenye kinu nikachukua unga wa mahindi uliokwisha kandwa na mafuta ya nguruwe. Alhamisi nikaloweka maganda ya mahindi, nikachemsha nyama, nikasaga pilipili nyekundu, nikakaa mezani kupaka unga kwenye ganda mojamoja kwa mgongo wa kijiko. Umewahi kuniona mimi nikipaka kitu? La kwanza lilichanika. La pili lilichanika. La tatu unga ulinata kwenye kijiko na ukakataa kushuka. Nikautukana unga. Nikayatukana maganda. Nikamtukana aliyegundua mahindi.

Nikatia nyama, nikazifunga, nikazipanga tamale zangu hivyo hivyo kwenye sufuria ya mvuke. Senti niliiweka chini kwenye maji, nakumbuka Herminia alivyofanya, inagongagonga maji yanapochemka na ikinyamaza unajua maji yamekwisha. Vizuri. Ila Chon akapiga simu kunicheka, nami nikawa namjibu kwa nguvu zangu zote, na senti ikanyamaza bila mimi kusikia. Nilipogeuka jiko lilikuwa limejaa moshi. Chini zimeungua, juu mbichi. Nilikuwa nimesimama mle tangu asubuhi.

"Nilikuambia," Chon akasema kwenye simu, "wewe hasira zako tamale zinaziona. Mtu akinuna jikoni haziivi. Ulifunga masikio kwenye sufuria?"

Sikuwa nimefunga. Nilikuwa nimesahau kukata vipande vya ganda na kuvifunga kwenye vishikio, masikio ya kuzuia uchungu wa moyo wa mpishi usiingie ndani. Herminia hakuwahi kusahau. Na hata hivyo mimi alinifukuza. Kila mwaka, tarehe ya kwanza ya Februari, akisimama mlangoni mwa jiko na kijiko: "Toka hapa na uso wako huo, Eleuterio, nenda kwa Chon. Tamale zangu zikikuona hazitaiva." Na mimi nilikuwa nachukua koti langu nacheka, naenda kucheza domino. Likumbuke hilo la kufukuzwa, maana ndipo mlipopitia.

Ijumaa nikaenda dukani. Lile kubwa la barabara ya Ishirini na Sita, nyuma kabisa, kwenye mafriza marefu yenye vioo. Nikavuta kofia mpaka kwenye nyusi kama mwizi. Nilikuwa naomba nisikutane na mtu wa parokia. Kioo kilikuwa na ukungu, nikakifuta kwa kiganja, na huyo bibi akanitazama. Boksi jekundu, bibi wa nywele nyeupe, mikia miwili ya nywele, aproni yenye maua, anatabasamu na sahani. Chini wameandika: kama za kwa bibi. Bibi gani huyo? Hana kovu hata moja la moto mkononi. Huyo hajawahi kugusa sufuria tangu azaliwe. Nikamchukua yeye na wenzake watano, nikawaficha chini ya mfuko wa machungwa.

Jumamosi nikazitoa tamale kwenye plastiki. Maganda yake yalikuwa membamba na makavu, nikaona aibu kuyaweka mezani, nikazivua mojamoja na kuzifunga upya kwa maganda yangu mazuri niliyoloweka. Nikafunga na masikio kwenye sufuria, maana nilikuwa na aibu ya kutosha, sikutaka nazo zikatae. Nyumba ikaanza kunukia. Nilikula moja nikiwa nimesimama karibu na jiko. Nikajiambia si mbaya. Nikajiambia ni za dukani, lakini si mbaya.

Nitakuambia ukweli niliokuwa nao moyoni, usicheke. Nilitaka wanikamate. Nilitaka Nereida aume mara moja, akunje uso, aseme Baba umetudanganya. Ningetukanwa, ningechekwa na Chon mpaka Pasaka, na ningefurahi. Maana wangekuwa wamejua tofauti. Wangekuwa wanamkumbuka.

Walikuja saa saba mchana. Nilimimina uji wa chokoleti, nikaweka tamale katikati. Efraín akafungua yake, akauma, akaacha uma. Macho yakamjaa maji.

"Baba," akasema. "Hizi ni za Mama."

Maribel akasema, "Ni zile zile kabisa. Hata ule mwisho mwisho wake, pilipili inapokuja."

Chon alikuwa ameshakula tatu. "Tello, bwana, nakuomba radhi. Marehemu amekuachia mkono wake. Nipe nyingine."

Nereida peke yake alikuwa anatafuna polepole, anaangalia sahani.

Hasira ilinipanda, Domitila, nilisikia masikio yanavuma. Miaka arobaini mwanamke yule amewalisha watu hawa. Alikuwa anaamka kabla ya jogoo, anapaka, anafunga, anapanga, mpaka meza yote inajaa. Miezi kumi tu yuko ardhini na wamekwisha msahau mdomoni! Nikaenda kwenye pipa chini ya sinki, nikatoa maboksi yote sita, nikayapiga juu ya meza mpaka uji ukaruka.

"Huyu hapa mama yenu!" nikasema. "Mwangalieni vizuri! Mnalia machozi kwa boksi! Mnakula barafu ya dukani mnasema ni Mama! Efraín, wewe uliyenyonya mpaka miaka mitatu, huna haya?"

Efraín alikuwa mwekundu mpaka shingoni. Chon aliweka tamale yake chini taratibu, halafu akaona si vizuri kuitupa, akaimalizia.

Nereida akanyoosha mkono akachukua boksi moja. Akaligeuza. Akaanza kucheka, kicheko kibaya, kile cha mtu anayelia.

"Baba, kaa chini."

"Sikai."

"Basi simama hivyo hivyo, ila nisikilize. Efraín hajakosea. Hizi ni za Mama. Ni hizi hizi."

"Hizi hizi nini?"

"Boksi hili hili, bibi huyu huyu. Tangu mwaka ule mama mdogo Domitila alipokuja kutembea. Mama alikuwa hawezi tena, Baba. Vidole havikunjuki. Kijiko kilikuwa kinamdondoka, akijaribu kupaka analia kwa maumivu. Mama mdogo akaenda naye dukani. Wakazinunua, wakazivua maganda, wakazifunga upya kwa maganda mazuri. Tangu mwaka uliofuata mimi ndiye niliyekuwa nampeleka."

"Mwongo wewe."

"Baba."

"Mimi naishi katika nyumba hii! Ningeona!"

"Ulikuwa kwa Chon unacheza domino. Kila mwaka ulikuwa unafukuzwa. Ulidhani kwa nini?"

Sikumwamini. Nikamwambia anawatetea wenzake kwa kumsingizia maiti. Basi akaondoka mezani, akaenda jikoni, akavuta droo ya vijiko, akamwaga vijiko vyote juu ya kaunta. Unajua Herminia hakutupa kitu. Kila droo alikuwa ametandika chini karatasi ngumu nyeupe, safi, iliyokatwa sawasawa. Nimechukua vijiko katika droo ile mara ngapi? Nereida akabandua karatasi akaigeuza. Yule bibi alikuwa anatabasamu. Akavuta droo ya vitambaa, bibi. Droo ya visu, bibi. Kabati la vikombe, rafu zote tatu, bibi, bibi, bibi. Wengine rangi zimefifia, wa mwaka jana bado mwekundu. Nyumba yangu ilikuwa imejaa mwanamke yule, ananitazama chini ya vijiko miaka saba.

Efraín naye hakujua. Hilo linanipa nafuu kidogo, kwamba si mimi peke yangu niliyekuwa mjinga. Lakini ujinga wangu mimi ulikuwa na midomo. Nilikuwa napeleka tamale zile kiwandani, nafungua mfuko mbele ya wanaume wa zamu yangu na kuwaambia: hizi hazinunuliwi, hizi ni za mkono wa mke wangu. Na kila mwaka, mezani, mbele ya watu wote, nilikuwa nauma ya kwanza na kumwambia, "Bado mkono wako ni ule ule, Herminia." Naye alikuwa anaiweka mikono yake chini ya aproni. Nilidhani anaona haya kusifiwa.

Sasa wewe. Wewe ulikuwa mgeni nyumbani kwangu. Nilikupokea uwanja wa ndege na koti langu la pili ili usife baridi. Nilikupeleka kwa gari mpaka ziwani uone maji yaliyoganda. Na wewe ukiwa unakula mezani kwangu ulikaa jikoni na dada yako mkapanga jinsi ya kunidanganya. Nereida ameniambia na maneno uliyosema: "Huyo mume wako atajua nini, huyo anakula kama anayekimbilia treni." Ndiyo, ninakula haraka, kiwandani tulikuwa tunapewa nusu saa. Hiyo haikupi ruhusa.

Na sasa nakuambia mlichoniibia. Nimejaribu wiki nzima kukumbuka tamale zake za kwanza, zile alizopika mwenyewe kwa vidole vyake vizima, zile za mwaka tuliohamia hapa na kupikia kwenye jiko la umeme la chumba cha kupanga. Siwezi. Kila nikijaribu, ladha inayokuja ni ya boksi. Mmeziweka za dukani juu ya zile za kweli na mimi sasa sijui kipi ninachokumbuka. Kwa hiyo mimi niliyewatukana wanangu kwamba wamemsahau mama yao, nimemsahau kuliko wao. Kwa hilo nilikuwa nimepanga nisikuandikie tena maisha yangu yote.

Jumamosi ile niliwafukuza wote. Chon aliondoka na sahani. Nereida alibaki mlangoni anavaa glavu zake, polepole, anaongeza muda.

Nikamwuliza, "Kwa nini hamkuniambia? Mimi ningefanya nini? Ningempiga?"

"Hujawahi kumpiga, Baba, najua."

"Basi?"

"Ungekasirika."

"Ningekasirika na ugonjwa!"

"Baba, wewe ukikasirika na ugonjwa, au na gari, au na theluji, anayekaa na wewe chumbani ni mtu. Tulikuwa tunatafuta siku ambayo hujakasirika tukuambie. Hatukuipata."

Nikafunga mlango. Jumanne akaja na supu, sikumfungulia. Akaiacha kwenye ngazi, ikaganda pale pale nje. Niliitazama kutoka dirishani mpaka jua likazama na sikwenda kuichukua, na nilikuwa na njaa.

Jana asubuhi nilikuwa naosha sahani. Unaikumbuka ile kubwa ya bluu, ambayo mama yenu alitupatia siku ya harusi yetu, ikasafiri ndani ya blanketi mpaka hapa bila hata ufa? Ulipokuja hukuiona, ilikuwa imefungiwa kabatini. Ilivunjika mwaka 2015. Herminia alikuwa anaiosha, ikamtoka, ikapasuka ndani ya sinki. Mimi nilikuwa nimetoka kazini. Nilikuja jikoni nikamwambia maneno. Nilikuwa nimeyasahau, Domitila, kabisa, na jana maji yalipokuwa yanapita kwenye vidole vyangu yakarudi yote kama nimeyasema saa ile. Nilimwambia, "Mikono yako ni ya kazi gani?"

Akasema ni sabuni. Akaokota vipande kimoja kimoja, akawa anachukua muda mrefu sana, na mimi nikamwambia aongeze kasi maana nataka kunywa maji. Nilisimama pale nikamtazama. Nilitazama vipande. Sikutazama vidole.

Basi hiyo ndiyo habari yangu. Hasira yangu kwako haijaisha, usidhani. Ungeweza kunivuta pembeni pale uwanja wa ndege siku unaondoka, ukaniambia kwa maneno mawili, shemeji, dada yangu anaumwa mikono, mpelekee maji ya moto. Ningepiga kelele uwanja mzima, ndiyo. Walinzi wangekuja. Lakini jioni ningempelekea maji ya moto, nadhani. Ninataka kuamini kwamba ningempelekea. Ulininyima hiyo, na sitaki unijibu kwamba ulikuwa unamlinda.

Leo nimempigia simu Nereida. Hatukusema mengi. Nimemwomba alete supu nyingine Jumapili, na amesema ataleta.

Nisalimie Fidencio, mwambie ile dawa ya kikohozi ya asali na kitunguu inafanya kazi akiacha kuinywa na bia. Nisalimie mwanao Leocadia na mapacha wake, wakue na akili kuliko babu zao. Nisalimie jirani yenu Doña Prisca kama bado anaona. Ukipita makaburini kwa mama yenu, mwekee maua kwa niaba yetu, na umwambie kuhusu sahani kwa upole. Mungu akutunze, akupe usingizi mzuri na miguu ya kukufikisha kanisani, na awafunike nyote kwa vazi lake.

Nina swali moja. Nimekuandikia kurasa zote hizi kwa ajili yake na nimelizunguka tangu mwanzo. Wiki tatu zile ulilala chumba kimoja na Herminia, mimi nikalala sebuleni, na niliwasikia mkinong'ona. Dada hawafichani. Sikuulizi kama alinipenda, hilo ninalijua na huwezi kunipokonya. Nauliza kama alikuwa ananiogopa.

Ukijibu ndiyo, nitakasirika. Nakuambia mapema. Nitapiga meza na nitakutukana peke yangu humu jikoni ambamo hakuna mtu. Wewe andika hivyo hivyo.

Shemeji yako, anayekupenda pamoja na ubaya wake wote,

Eleuterio